Fuga viroboto maji, okoa vifaranga vya samaki wa mapambo

Kama unazalisha goldfish za kuuza, unajua vifaranga hufa sana siku za mwanzo. Midomo midogo, na chakula cha unga kisipoliwa huoza na kuchafua maji. Tumia chakula hai.

1. Jaza pipa la lita 200. Maji ya bomba yaache wazi siku mbili, klorini itoke.
2. Funga gramu 100 za mbolea kavu ya kuku kwenye kitambaa, ning'iniza majini. Weka juani mpaka maji yawe kijani.
3. Weka mbegu ya viroboto kutoka kwa mfugaji mwenzako. Ya dimbwini ikague vizuri, huja na mabuu ya kerengende, na hao hula vifaranga.
4. Wakishajaa, vuna kwa kitambaa laini, suuza, lisha. Usivune zaidi ya robo kwa siku. Vifaranga wachanga wape viroboto wadogo.

Funika pipa kwa chandarua, la sivyo utafuga mbu. Maji yakinuka, mbolea imezidi: itoe, badilisha nusu ya maji.

Anza na mapipa mawili. Moja likiharibika, vifaranga hawalali njaa.