Mpe kijana kazi kabla hajawa jasiri

Kitengela, mji wa kaunti ya Kajiado, imejaa watu waliohamia kutoka kwingine: wafanyakazi wa viwanda vya EPZ kule Athi River, na wengine wanaopanda matatu za Nairobi alfajiri. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000. Makanisa yamefuata watu, mengi yakianzia kwenye vibanda vya mabati katika ploti ya kukodi, ila viongozi hawajaongezeka kwa kasi hiyo. Mchungaji mmoja anahubiri, anazika, anapatanisha wanandoa, na bado anafuatilia karatasi za ploti. Vijana wapo, tena wamesoma. Ukiwaita wanakujibu, "Bado, mchungaji, sijawa tayari."

Usikubali jibu hilo upesi. Musa naye alitoa visingizio mbele ya kijiti kilichowaka moto, akasema ulimi wake ni mzito. Mungu hakumngoja ajiamini. Alimtuma na hofu yake, akampa Haruni wa kwenda naye. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza: kazi halisi, mwenzi wa kutembea naye, na maombi kabla ya kutoka.

Anzia nyumbani kwa washirika. Ibada ya jioni katika sebule ya ploti, watu wanane na watoto wawili waliolala kwenye kochi, ndiyo shule nzuri kuliko madhabahu ya Jumapili. Mpe kijana fungu la kusoma siku tatu mapema, alisome kwa sauti nyumbani, kisha aeleze kwa maneno yake jambo moja tu lililomgusa. Mara ya kwanza karatasi itatetemeka na atamaliza haraka mno. Usiongezee mahubiri yako juu ya yake. Ukifanya hivyo umewafundisha wote kwamba neno lake halikutosha.

Ukienda ndani zaidi Kajiado, upande wa Mashuuru au Namanga, kuna shule nyingine ambayo wengi hawaioni: ukalimani. Kijana anayesimama kando ya mhubiri mgeni akigeuza Kiswahili kuwa Kimaasai anajifunza kupanga hoja, kupumua, kusoma nyuso za watu. Biblia nzima ya Kimaasai ilitoka mwaka 1991, basi akabidhiwe mafungu mapema ayaandae. Akishakalimani kwa miezi kadhaa, mwombe ahubiri mwenyewe. Tayari sauti yake imezoeleka pale.

Lakini huko usimsimamishe kijana kabla ya kuzungumza na wazee. Katika jamii ya rika na heshima, msichana au kijana anayepewa neno bila baraka yao anabeba mzigo usio wake. Nenda kwao kwanza, kaa, kunywa chai, eleza unachokusudia, kisha mwombe mzee mmoja amwombee kijana huyo mbele ya kanisa. Na akina mama wasisahaulike. Wengi wao wanaliendesha kanisa wiki nzima, wanatembelea wagonjwa, wanakusanya michango ya msiba, halafu Jumapili wanakaa kimya. Anglikana Kenya walimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza nchini kwao kufikia daraja hilo. Mtoto wa kike wa Isinya anahitaji kulijua jambo hilo.

Ujasiri mkubwa una mizizi ya muda mrefu. Janani Luwum wa Uganda alikuwa mwalimu alipookoka mwaka 1948, katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambako muumini yeyote aliweza kusimama na kutoa ushuhuda. Mwaka 1977, akiwa Askofu Mkuu, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia mtawala Idi Amin kupinga mauaji, na kwa ajili hiyo akauawa. Aliyesimama mbele ya dikteta alikuwa amezoea kusimama mbele ya majirani zake kwa karibu miaka thelathini.

Fundisha fedha pia. Sadaka ihesabiwe na watu wawili, mmoja wao kijana, iandikwe kwenye daftari na kusomwa mbele ya washirika. Kusema "hesabu hizi hazilingani" mbele ya mzee kunahitaji imani zaidi kuliko kuhubiri, nami naamini kanisa lisilompa kijana nafasi ya kusema hivyo halijamfanya kiongozi.

Ukifika wakati wa kumwachia ibada nzima, usisafiri. Kaa benchi la nyuma. Wimbo ukianza kwa sauti isiyofaa, nyamaza. Mshirika akigeuka kukutazama ili uamue jambo, mwonyeshe kwa kichwa nani wa kuulizwa. Jumatatu mwite, mpe chai, umuulize mambo mawili: wapi aliogopa, na wapi aliona Mungu akimsaidia. Yako ya kumrekebisha yaseme baada ya yeye kumaliza, kisha mkabidhi tarehe ya ibada inayofuata.