SOMO LA NYUMBANI: KUPIKA MAHARAGWE KWA KUNI CHACHE

Fungu la kusoma: 1 Wafalme 17:8-16



Elia alipomkuta mjane wa Sarepta kwenye lango la mji, mama huyo alikuwa akiokota kuni. Mara nyingi tunahubiri juu ya unga wake na mafuta yake, tunasahau kuni zake. Sisi tunaoishi kambini hatuwezi kuzisahau. Ukipata maharagwe makavu, yawe ya mgao au ya sokoni, bado hayajafika mdomoni. Yanangoja moto.

Na kuni zinatafutwa na nani? Na mama zetu na mabinti zetu, mbali, kwenye vichaka karibu na mashamba ya wenyeji. Wengine wamerudi mikono mitupu kwa sababu ya vitisho. Wengine wamerudi na machozi ambayo hawakutaka kueleza. Nyumba nyingine zinauza sehemu ya maharagwe ili zinunue makala ya kupikia sehemu iliyobaki. Kwa hiyo kila ukuni tunaouokoa jikoni unapunguza safari ya binti yetu porini. Hilo ndilo somo la mwezi huu.

I. KAZI INAANZA JANA YAKE

Chagua maharagwe, yaoshe, yaloweke jioni katika maji mengi, maana yatavimba. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine safi. Punje iliyokunywa maji usiku kucha inaiva upesi kuliko punje kavu. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu zaidi, hayo usiyapike kamwe bila kuloweka.

Nyanya na ndimu zingoje mpaka maharagwe yamelainika. Uchachu unaizuia punje kulainika, nawe utaendelea kuongeza kuni bila kujua sababu. Magadi yanaharakisha, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B iliyomo ndani. Sisi ambao chakula chetu ni kilekile kila siku hatuna vitamini ya kupoteza.

II. MOTO MDOGO WENYE AKILI

Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yaliyo ndani yake kwanza. Sufuria inapata moshi, na watoto wanapata kikohozi. Anika kuni, halafu zipasue ziwe nyembamba kama kidole gumba au zaidi kidogo. Wababa, kazi hiyo ni yetu. Tusimwachie mama aliyetoka kuzibeba kichwani.

Mafiga matatu yaliyo wazi yanaupa upepo sehemu kubwa ya moto. Zungushia ukuta wa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, uache mlango mmoja wa kuni. Kati ya ukuta na sufuria ibaki nafasi ya kidole kimoja, ili moto upande ukilamba sufuria. Uache ukauke kivulini wiki mbili au tatu, kwani jua kali linaupasua. Ukiwasha, ingiza ncha za kuni tu, uzisukume kadiri zinavyoungua. Funika sufuria daima.

III. KIKAPU KINACHOPIKA

Hiki ndicho kilichotusaidia kuliko vyote. Chukua kikapu kikubwa au kartoni. Jaza majani makavu ya migomba, nguo kuukuu au kipande cha blanketi, unene wa kiganja chini na pembeni. Acha shimo la kutosha sufuria. Shona mto wa kufunikia juu.

Chemsha maharagwe yaliyolowekwa, kwa mchemko mkali, nusu saa, kifuniko kikiwa juu. Epua, futa chini ya sufuria kusiwe na kaa hata moja lililoshikamana, uiweke haraka ndani ya kikapu, ufunike na mto. Zima moto kwa mchanga, uweke kando kuni zilizobaki. Usifungue kuchungulia! Baada ya saa nne hivi toa, tia chumvi na viungo, chemsha tena kidogo, mle. Kama bado ni magumu, yachemshe mara ya pili na kuyarudisha.

Kwetu, fungu la kuni lililokuwa likiisha kwa siku tatu sasa linatufikisha siku ya tano.

IV. KOSA LETU, LISIWE LENU

Mara ya kwanza tuliharakisha. Tuliona maji yameanza kutoa mapovu, tukaingiza sufuria kikapuni, tukaenda ibadani. Tuliporudi maharagwe mekundu yalikuwa yamelainika nusu. Watoto walikuwa na njaa, tukala. Usiku ule nyumba nzima tulitapika.

Baadaye tulijifunza sababu. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu. Mchemko mkali unaiharibu, lakini uvuguvugu hauiharibu, na unaweza kuizidisha. Kwa hiyo shikeni sheria hizi:

1. Mchemko mkali usipungue dakika 10 hata kidogo. Ile nusu saa inatupa usalama, tena inapasha punje mpaka ndani.

2. Kikapu si mahali pa kulaza chakula. Kikiwa vuguvugu usiku kucha kinaharibika.

3. Sombe ina sheria yake. Itwange vizuri, ichemshe muda mrefu bila kifuniko ili sumu yake itoke na mvuke. Hapo tusibane kuni.

V. MASIZI NA MAJIVU

Kabla ya kuweka sufuria motoni, ipake nje sabuni iliyoloweshwa au tope la majivu. Masizi yatashika hiyo tabaka, na ukiosha yatatoka pamoja nayo. Majivu yaliyochekechwa yanasugua sufuria vizuri, hata kama sabuni imekwisha. Na makaa yanayobaki siku usiyotumia kikapu yapashe maji ya kuoga watoto.

MWISHO

Kikapu hakitamaliza shida ya kuni, wala hakiondoi hatari ya njiani. Lakini mama anayekwenda porini mara moja badala ya mbili amepata siku moja ya salama, na binti yake amepata siku moja ya shule. Anayejua kukitengeneza amwonyeshe jirani, hata jirani asiyesali nasi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Kwetu, nani anakwenda kutafuta kuni, na mara ngapi kwa juma? Je, tumewahi kumwuliza anakutana na nini njiani?

2. Wababa na vijana wanaweza kuchukua sehemu gani ya kazi hiyo kuanzia juma hili?

3. Katika bloku yetu, ni mzee gani au mjane gani tunayeweza kumtengenezea kikapu?

Mungu awabariki.