Dawa Mpya za Bakteria Sugu: Mafunzo Niliyopata Langoni

Nauza dawa mtaa wa Langoni, Lamu. Habari za dawa mpya nazifuatilia kwa makini, kwa sababu wanaougua ni majirani zangu.

1. Kuua bakteria si kazi. Kazi ni kumfikia.

Hata siki huua bakteria. Dawa lazima ifike kwenye damu kwa kiwango cha kutosha, isiharibu ini wala figo, kisha ipenye. Bakteria kama Klebsiella wana utando wa nje juu ya ule wa ndani, pamoja na pampu zinazoitapika dawa kabla haijafanya lolote. Ndiyo sababu udogo wa molekuli una maana. Fosfomaisini ina uzito wa molekuli wa 138 hivi. Amoksilini ina 365. Fosfomaisini hupita njia zile zile ambazo bakteria hutumia kujiingizia chakula, kisha huzuia hatua ya kwanza ya kujenga ukuta wake. Ukuta ukikosekana, bakteria hupasuka.

2. Dawa ya kale yaweza kuwa tumaini jipya.

Fosfomaisini iligunduliwa Hispania mwaka 1969. Nusu karne baadaye, papa hapa pwani, hospitali ya Kilifi, ikajaribiwa kwa watoto wachanga 120 walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu. Takriban nusu yao walipewa ampisilini na jentamaisini, waliobaki wakaongezewa fosfomaisini. Dawa hiyo ya sindano hubeba sodiamu nyingi, na figo za mtoto mchanga bado ni changa, kwa hiyo watafiti waliipima sodiamu kwenye damu. Haikuleta shida waliyoihofia. Kazi ya aina hii naiheshimu mno. Dozi ya mtoto wa siku mbili haipatikani kwa kugawanya ya mtu mzima.

3. Si kila uvimbe una bakteria.

"Mwanangu, nipa zile za rangi mbili, guu limenivimba," mteja mmoja aliniambia, akitaka antibaiotiki. Guu lenyewe aliteguka akishuka mashuani. Joto, wekundu na uvimbe ni kinga ya mwili ikifanya kazi, na kuituliza kunahitaji dawa nyingine kabisa. Hata hiyo haifai kila mahali: deksamethasoni, mojawapo ya dawa hizo, iliokoa wagonjwa wa Korona waliohitaji oksijeni mwaka 2020, lakini utafiti wa Malawi wa 2007 haukuona faida kwa watu wazima wenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria.

4. Dawa nzuri yaweza kumfilisi mwenyewe.

Plazomaisini, antibaiotiki ya bakteria sugu, iliidhinishwa Marekani Juni 2018. Aprili 2019 kampuni yake, Achaogen, ikafilisika. Antibaiotiki ya akiba, inayotunzwa hadi nyingine zishindwe, hutumika kidogo, na mauzo ni kidogo. Uingereza ilianza mwaka 2022 kulipia baadhi ya dawa hizi ada ya mwaka, zitumike zisitumike. Naona huo ndio mwelekeo, na nchi zetu zichangie kwa pamoja.

5. Usugu hauchelewi.

Bedakwilini, dawa ya kifua kikuu iliyoidhinishwa mwaka 2012 baada ya miongo bila aina mpya, tayari ina bakteria walioizoea. Baadhi wameongeza pampu za kuitoa. Basi anayekuja na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili simuuzii antibaiotiki. Namwelekeza hospitali apimwe makohozi, hata akinikasirikia na kwenda duka la pili.