Pima nati kwanza, spana baadaye

Mdogo wangu wa Nengo, barua yako imenifurahisha. Umeachiwa mashine ya zamani ya pinboli, hiyo ambayo kwenu mnaiita flipa, iliyokaa miaka na miaka kwenye stoo karibu na ziwa, na unataka kuifufua kwa mikono yako mwenyewe. Umeniuliza ununue vifaa gani. Umesema pia kwamba muuza duka anakusukuma uchukue lile sanduku kubwa lenye vipande zaidi ya mia moja. Msikilize dada yako: sanduku hilo liache rafuni.

Kwanza soma jina lililoandikwa kwenye kioo cha mbele. Mashine nyingi za pinboli zilitengenezwa Chicago, na kampuni kama Gottlieb, Bally na Williams, na huko nati hupimwa kwa inchi. Ikiwa yako ni ya Ulaya, mfano Zaccaria ya Italia, tarajia milimita, na hapo kazi yako imepungua. Lakini ikiwa ni ya Chicago, kumbuka kwamba spana utakazozikuta madukani Gisenyi, na hata ukivuka mpaka kwenda Goma, kwa kawaida ni za milimita. Hapo ndipo mashine nyingi nzuri huharibiwa na watu wenye nia njema.

Nati ya 5/16 ni karibu milimita 7.9, kwa hiyo spana namba 8 inaishika. Bolti za miguu zina vichwa vya 5/8, yaani 15.9, nazo namba 16 inazifungua bila taabu. Tatizo ni nati ya 11/32, ambayo utaikuta tele chini ya ubao wa kuchezea. Hiyo ni milimita 8.7. Namba 8 haiingii, namba 9 inachezacheza, na ukilazimisha unakula kona za nati hadi ibaki duara. Nati ya 3/8, ambayo ni 9.5, nayo ina usumbufu uleule. Kwa hiyo tafuta zile spana zenye mpini kama wa bisibisi, nne tu: 1/4, 5/16, 11/32 na 3/8. Kama una shangazi au binamu Marekani anayepanga kuja nyumbani, muombe hizo. Zinajibana kwenye pembe ya sanduku lake, na kwako zitadumu kuliko zawadi nyingine yoyote.

Bisibisi nazo zina siri yake. Zile za nyota zinafanana sana kwa macho, lakini angalia maandishi kwenye chuma. PH ni aina moja, PZ ni nyingine, na PZ ina vijimistari vyembamba katikati ya mabawa yake. Skrubu za nyota za mashine za Chicago ni za PH, na mara nyingi saizi ni namba 2. Ukiingiza PZ, inashika nusunusu kisha inateleza, na kila ikiteleza inachonga kichwa cha skrubu iliyokuwa nzima kwa miaka 40 au 50. Jaribu hapohapo dukani: omba skrubu, ingiza ncha, tikisa. Ikicheza, rudisha. Usione haya kujaribu mbele ya watu, hata wakikuambia hiyo ni kazi ya wavulana. Pesa ni yako.

Ongeza koleo lenye mdomo mrefu na mwembamba, mkasi wa kukatia nyaya, taa ya kuvaa kichwani, na sumaku yenye mpini wa kuvutia skrubu zilizodondoka ndani. Drili ya betri usiitumie kukazia. Ubao wa kuchezea ni mbao, na tundu la skrubu likishalegea, kulirudisha ni kazi ya gundi na vijiti.

Sasa swichi, na hapa naomba utulie. Ndani kuna vibati vyembamba vinavyogusana gololi inapopita. Mafundi wengi wakiona kitu hakigusani vizuri hukimbilia msasa. Vile vibati vidogo vya mashine za elektroniki vimepakwa dhahabu nyembamba mno. Ukipitisha msasa, dhahabu imekwenda na haitarudi. Chukua kadi ngumu ya karatasi, ipitishe katikati ya vibati huku umevibana taratibu, basi. Tupa ndogo ya chuma itunze kwa ajili ya swichi nene za umeme mkubwa, kama zile za mabawa ya kupigia gololi kwenye mashine za zamani.

Chuma cha kulehemia chukua cha wati 40 hadi 60. Chenye wati pungufu ya hizo hakipashi moto vya kutosha ncha nene za koili, nawe utakishikilia pale mpaka plastiki iyeyuke. Waya wa risasi uwe ule wenye ulimbo ndani. Dawa ya tindikali ya mafundi wa mabati isikaribie mashine yako, maana huendelea kula shaba baada ya wewe kumaliza.

Na oili! Najua mkono utakuwasha kunyunyizia kila kinachosaga. Jizuie. Chuma kinachosogea katikati ya koili hufanya kazi kikavu, ndani ya bomba la nailoni, na mafuta yakishaingia hukusanya vumbi na kugeuka gundi. Tena mafuta ya kopo la kupuliza hushika moto, na ndani ya mashine hii cheche ni jambo la kawaida. Bomba likichakaa, badilisha bomba.

Kitu cha mwisho cha kununua ni multimita, na hapo usibane pesa. Rwanda tuna volti 230, mashine ya Marekani inaweza kuwa imefungwa kwa 120, na ukiichomeka hivyo unaweza kuunguza transfoma kabla hujageuza skrubu hata moja. Taa za namba kwenye mashine za elektroniki nazo zinaweza kubeba zaidi ya volti 100, kwa hiyo kuzima swichi hakutoshi: chomoa plagi, subiri, kisha pima ndipo uguse. Nyuma ya mashine au ndani ya sanduku kuna kibandiko chenye volti, na fyuzi nazo zimeandikwa ampea zake. Nakili vyote hivyo, nitumie pamoja na jina la kwenye kioo, na plagi isiguse ukuta mpaka nikujibu.