Namna Nilivyojiandaa kwa Mtihani wa Sheria

Mtengenezaji wa gazeti letu ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani, niwaeleze ninyi mlio madarasani namna ya kujiandaa kwa mtihani wa somo la sheria. Sikuwa wa kwanza darasani. Tena katika jaribio langu la mwanzo nilipata alama 4 katika 20. Lakini aliyeanguka shimoni aweza kuwaonyesha wenziwe shimo lilipo. Basi nitasimulia kwanza nilivyoanguka, kisha nilivyopanda.

Mimi ni mtoto wa Kamenge, upande wa kaskazini wa mji wa Bujumbura. Baba alipofariki tulibaki nyumbani watu watatu: mama, dada yangu na mimi. Nyumba yetu ina vyumba vinne, na viwili vinavyotazama barabara tulivipangisha. Dada alikuwa akiuza sokoni ndagala, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika ambao jirani zetu wa Tanzania huwaita dagaa. Kwa fedha ya ndagala hizo mimi nilivaa sare ya shule na kununua madaftari.

Mwaka 2022 nilikuwa darasa la mwisho. Siku moja mwalimu wetu wa sheria alituandikia ubaoni swali hili: "Mtu amekufa. Ameacha nyumba, mjane, binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume. Nyumba ni ya nani?" Nilicheka moyoni, maana swali hilo lilikuwa la kwetu kabisa. Juma lile lile baba mdogo alikuwa amefika kutoka kijijini, akasema mbele ya mama ya kuwa nyumba ni yangu mimi, na dada yangu atafute mume. Nikaandika mistari mitatu: "Nyumba ni ya mtoto wa kiume. Hiyo ndiyo sheria. Binti huolewa akaenda kwa watu." Nikawa wa kwanza kutoa karatasi.

Karatasi iliporudi, chini yake palikuwa na maneno machache ya wino mwekundu: "Sheria gani? Ya mwaka gani?"

Niliona haya, kisha nikakasirika, kisha nikaanza kutafuta. Jioni nilikwenda kusoma katika Kituo cha Vijana Kamenge, mahali wanapokutana vijana wa mitaa yote ya kaskazini, kwa sababu nyumbani umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Nilifungua sheria ya watu na jamaa ya tarehe 28 Aprili 1993. Nikakuta ya kuwa mwanamume haoi kabla ya miaka 21 wala mwanamke haolewi kabla ya miaka 18, ya kuwa mume ana mke mmoja, na ya kuwa ndoa inayotambuliwa ni ile iliyofungwa mbele ya mwandishi wa serikali. Mlango wa urithi sikuuona. Nikafungua sheria ya ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011. Humo mna habari za hati na mipaka, lakini haikunigawia nyumba ya baba.

Baada ya majuma mawili nilimwendea mwalimu, nikamwambia, "Mwalimu, nimetafuta, sikuona." Akatabasamu, akasema, "Umetafuta vizuri. Hukuona kwa kuwa haimo. Bunge letu halijaandika sheria ya urithi. Majaji huamua kwa desturi. Wewe uliandika 'hiyo ndiyo sheria' juu ya jambo ambalo sheria iliyoandikwa imelinyamazia."

Tangu siku ile nilisoma kwa namna nyingine. Haya ndiyo mambo matano niliyojifunza.

La kwanza: tenga yaliyotokea na yale unayoyataka. Mwanafunzi akipewa kisa, hupenda kumhurumia mmoja na kumlaumu mwingine kabla hajakisoma mpaka mwisho. Mimi nilifanya vibaya zaidi, maana nilijipa nyumba mwenyewe! Soma kisa mara mbili. Andika pembeni: nani, alifanya nini, lini, wapi, ana umri gani, ana karatasi gani. Usiongeze neno lisilokuwamo. Kisha andika swali moja la sheria linalotoka katika kisa hicho. Ukikosa kuliona swali, hata ukijua sheria zote za nchi utajibu jambo usiloulizwa.

La pili: ijue ngazi ya sheria. Sheria hazilingani. Juu kabisa iko Katiba. Yetu ya sasa ni ya tarehe 7 Juni 2018. Chini yake ziko sheria zilizopigiwa kura na Bunge, kisha amri za serikali, na mahali ambapo hayo yote yamenyamaza ndipo desturi inaposema. Sasa rudini kwenye kisa changu. Desturi yasema ardhi ya ukoo, yaani itongo, hurithiwa na watoto wa kiume, na mjane hubaki akiitumia. Lakini Katiba yasema watu wasibaguliwe kwa kuwa mwanamume au mwanamke. Tena Katiba imezichukua haki zilizomo katika mikataba kadhaa ya mataifa na kuzifanya sehemu yake, na mmoja wa mikataba hiyo ni ule wa kukomesha ubaguzi juu ya wanawake, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1992. Basi ngazi ya chini yavuta huku, na ya juu yavuta kule. Ndiyo maana majaji hawakuamua sawasawa siku zote: wako waliofuata desturi, na wako waliompa binti fungu lake. Jibu zuri la mtihani ni lile linaloonyesha mvutano huo. Anayeandika "desturi, basi" hupata alama kidogo, na anayeandika "usawa, basi" kadhalika.

La tatu: tazama tarehe. Nilikuwa nimeazima daftari la mwanafunzi aliyesoma somo hilo mwaka 2008. Lilikuwa safi, herufi nzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari. Nililishika kwa moyo kama sala. Kumbe lilikuwa na makosa matatu makubwa, wala hayakuwa ya mwenyewe. Lilisema mtoto huanza kuwajibika kwa kosa la jinai akiwa na miaka 13, na ya kuwa iko adhabu ya kifo, na ya kuwa muhula wa Rais ni miaka 5. Yote matatu yalikuwa kweli alipoyaandika. Lakini sheria ya adhabu ya tarehe 22 Aprili 2009 iliondoa adhabu ya kifo na kuupandisha umri ule kuwa miaka 15, na Katiba ya mwaka 2018 iliufanya muhula kuwa miaka 7. Hata sheria hiyo ya mwaka 2009 imekwisha kuachia nafasi nyingine ya tarehe 29 Desemba 2017. Basi juu ya kila ukurasa wa daftari lako andika sheria na mwaka wake. Nambari ya kifungu usiyokuwa na hakika nayo, iache. Afadhali kutaja sheria na mwaka kwa uhakika kuliko kubuni nambari.

La nne: pima maneno. Sisi watoto wa Bujumbura tuna taabu na baraka moja: mtihani tunaujibu kwa Kifaransa, nyumbani twasema Kirundi, na mtaani twasema Kiswahili. Nilipiga mistari daftari langu likawa na safu tatu, na kila neno nikaliandika mara tatu. Hapo nikaona ya kuwa Kifaransa hutumia neno moja, droit, kwa mambo mawili ambayo sisi twayatenga. Kwa Kiswahili twasema sheria, na twasema haki. Kwa Kirundi kuna amategeko, na kuna agateka. Wenzangu wengi waliposoma neno hilo walichanganya amri ya nchi na stahili ya mtu, wakajibu upuzi. Mahakama kwa Kirundi ni sentare. Ukiweza kumweleza mama yako neno la sheria kwa lugha anayopikia, basi umelifahamu. Usipoweza, umelikariri tu.

La tano: mtetee na mpinzani wako. Tulikuwa wanafunzi wanne, na kila Jumamosi tulikutana chini ya mwembe. Mmoja alikuwa mdai, wa pili mdaiwa, wa tatu jaji, wa nne mwandishi. Baada ya saa moja tulibadilishana. Siku niliyopewa kumtetea binti wa marehemu, nilijikuta nasema maneno ambayo sikupata kuyasikia nyumbani: nani aliyelipa kodi ya nyumba baba alipougua? Nani aliyenunua mabati? Nilinyamaza katikati, maana nilijua jibu.

Nilipokuwa bado najisomea, baba mdogo alirudi na kuomba shauri lisikilizwe na wazee wa mtaa. Wasomaji wa nje ya Burundi wajue ya kuwa tangu kale tuna wazee waitwao abashingantahe, ambao alama yao ni fimbo iitwayo intahe. Kazi yao ni kusikiliza na kupatanisha. Na kwa sheria ya mwaka 2021 yaliwekwa mabaraza ya wapatanishi wa vilima na mitaa, yaani abahuza, ili magomvi ya namna hii yaanzie hapo kabla ya kufika Tribunal de résidence, mahakama ya kwanza. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno.

Baba mdogo alisema yake. Mama hakusema kitu. Dada alikuwa ameshika kikapu chake, maana alitoka sokoni moja kwa moja. Kisha mzee mmoja akanigeukia, akasema, "Mwanangu, nasikia wasoma sheria. Sheria yasemaje?"

Ndugu zangu, huo ndio uliokuwa mtihani wangu. Ningeweza kusema desturi peke yake, na wengi pale wangeitikia. Nilijibu kama nilivyofundishwa. Nikasema, "Mzee, sheria iliyoandikwa haina neno juu ya urithi. Desturi yanipa mimi. Katiba yasema dada yangu na mimi tu sawa. Tukienda mahakamani, sijui nani atashinda. Lakini sioni sheria wala desturi inayomkataza mrithi kugawana. Vile vyumba viwili vya barabarani ni vya dada, na mama akae katika chumba chake mpaka mwisho wa maisha yake. Naomba iandikwe."

Ikaandikwa, tukatia sahihi, na karatasi tukaiweka katika mkebe wa bati pamoja na hati ya kiwanja. Tangu vita vilivyoanza mwaka 1993, ambapo watu wengi wa Kamenge walikimbia nyumba zao, baba alikuwa akilala na mkebe ule chini ya kitanda. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baba mdogo hakula chakula chetu siku ile. Aliniambia mlangoni ya kuwa nimesoma mpaka nimepoteza akili. Mpaka leo twaamkiana, lakini kwa baridi.

Mtihani ulipofika, swali la urithi halikuwamo! Kisa kilikuwa cha mtoto wa miaka 14 aliyeiba baiskeli ya fundi akaivunja. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa ameshika moyoni vifungu vingi kuliko sisi sote, aliandika kurasa mbili juu ya adhabu ya mwizi. Mimi nilianza na umri. Chini ya miaka 15 hakuna jinai kwake. Lakini hasara ya fundi haifutiki kwa sababu hiyo. Yako mashitaka ya fidia, na wazazi wenye malezi ya mtoto waweza kudaiwa. Maswali mawili, majibu mawili, upande huu na upande huu. Nilipata alama 15 katika 20.

Basi msiwe kasuku. Juma la mwisho kabla ya mtihani msishike vitu vipya. Chukueni visa vya mtaani kwenu mvipime kwa mambo matano niliyowaeleza. Usiku wa mwisho laleni. Na mkumbuke ya kuwa iko siku mtaulizwa na mzee, si na mwalimu, na jibu lenu litampa mtu chumba au litamtoa.

Maswali ya kujaribu:

1. Binti wa marehemu amelipia matengenezo ya nyumba ya baba yake. Kaka yake ataka kuiuza. Andika swali la sheria lililomo, kisha hoja za pande zote mbili.

2. Kijana wa miaka 19 na msichana wa miaka 18 wataka kufunga ndoa ya serikali. Je, umri wao watosha? Taja sheria na mwaka wake.

3. Chukua daftari la zamani la somo hili. Tafuta humo jambo moja lililokuwa kweli zamani na sasa si kweli. Eleza ni sheria gani iliyolibadili.

4. Mweleze mtu wa nyumbani, kwa lugha yake, tofauti ya sheria na haki. Andika alichokuuliza.