Mwarobaini Maabarani: Uchungu Ule Una Nini Ndani Yake?

Kuanzia Lamu hadi Mtwara, ni nadra kukosa mwarobaini karibu na kisima, msikiti au uwanja wa shule. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani, lakini sisi tumeupa jina letu wenyewe: mti wa maradhi arobaini. Mtoto akitoka vipele huogeshwa maji ya majani yake. Homa ikipanda, kuna atakayeenda kuchuma tawi. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Kazi ya maabara ni kuuliza: lipo nini, lipo kiasi gani, na linamfaa nani?

Nimechunguza mitishamba kwa miaka mingi, na kila ninapozungumza na watu juu ya mti huu hukutana na maswali yaleyale. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi, pamoja na majibu yangu.

Mnaposema mti “umepimwa”, huwa mmepima nini hasa?

Hatupimi mti mzima. Tunapima jani, gome, mzizi, ua au mbegu, kila kimoja peke yake, kwa sababu kilichomo kwenye jani huenda kisiwemo kabisa kwenye gome.

Mmea hutengeneza kemikali za namna mbili. Kuna za kuishi, kama sukari, protini na mafuta. Halafu kuna za kujilinda: kumfukuza mdudu, kuzuia ukungu, kumchukiza mbuzi. Hizi za kujilinda ndizo tunazozitafuta, na nyingi ulimi wako unazijua tayari. Ukakasi wa ndizi mbichi unatokana na tanini. Povu la majani ya kufulia nguo ni saponini. Rangi za maua na matunda mengi hutoka kwenye kundi la flavonoidi. Kwinini na kafeini ni alkaloidi. Harufu ya karafuu na mchaichai ni mafuta mepesi yanayopaa.

Uchungu wa mwarobaini unatoka hasa kwa limonoidi, tawi mojawapo la ukoo mkubwa wa terpenoidi. Ukitafuna mbegu ya chungwa, uchungu utakaoupata ni wa ndugu zake.

Kazi inaanzia wapi?

Inaanzia mtini. Jambo la kwanza ni kuwa na hakika kwamba mti ni ule ule. Kuna mti unaoitwa mwarobaini nusu, kwa jina la kitaalamu *Melia azedarach*. Unafanana na mwarobaini wenyewe, *Azadirachta indica*, na watu wengi huchanganya majani yake. Tazama vizuri: jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili, na maua yake ni meupe. Jani la mwarobaini nusu hugawanyika mara mbili au zaidi, na maua yake ni ya zambarau. Matunda ya huo wa pili yanaweza kumdhuru mtu vibaya.

Nilipokuwa mchanga kazini nilipokea gunia la majani makavu, nikafanya kazi ya wiki mbili kabla ya kugundua kuwa hayakuwa ya mwarobaini. Tangu siku ile sikubali jani lisilo na tawi lake. Tunachuma tawi lenye maua au matunda, tunalikausha kwa kulibana katikati ya magazeti, tunaandika tarehe na mahali lilipochumwa, kisha tunalipeleka kwenye hifadhi ya mimea mikavu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Mwingine akitilia shaka matokeo yetu baada ya miaka 30, tawi litakuwepo kutoa ushahidi.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Majaribio yenyewe yanafanywaje?

Mwanangu, mengi yake ungeweza kuyafanya shuleni, mwalimu wako akiwa karibu. Majani huanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu baadhi ya kemikali. Yakishakauka husagwa. Unga hulowekwa katika kiyeyushi, tuseme ethanoli, kwa siku 2 au 3, ukitikiswa mara kwa mara, kisha huchujwa. Kiyeyushi kikivukizwa hubaki ute mzito wa kijani uliokolea. Huo tunauita kiziduo.

Sasa unachukua kiziduo kidogo kidogo katika neli. Ya kwanza unaitia maji na kuitikisa kwa nguvu. Povu likisimama dakika 10 au 15 bila kufifia, hiyo ni dalili ya saponini. Ya pili unaidondoshea feri kloridi. Ikigeuka buluu ya kukaribia weusi, au kijani iliyoiva, shuku tanini. Ya tatu unaitia kipande cha utepe wa magnesiamu na asidi kali ya haidrokloriki. Rangi ya waridi au nyekundu yaashiria flavonoidi. Ya nne unaichanganya na asidi hafifu, kisha dawa ya Dragendorff, ambayo ndani yake mna bismuthi na iodidi ya potasiamu. Mashapo ya rangi ya chungwa yakitua, huenda alkaloidi zipo.

Angalia maneno niliyoyatumia: dalili, shuku, yaashiria, huenda. Baadhi ya protini nazo huweza kumhadaa Dragendorff. Kwa hiyo tunarudia kwa dawa ya pili na ya tatu, na siku zote huwepo neli isiyo na mmea ndani yake, ili tujue kwamba rangi haikutoka kwenye kiyeyushi chenyewe.

Bibi yangu huchemsha majani, jirani yetu huyaloweka tu. Yupi yuko sahihi?

Huenda wote wawili wako sahihi, ila hawapati kitu kimoja. Maji hutoa tanini na saponini nyingi. Mafuta na limonoidi nyingi hazipendi maji, hutoka vizuri zaidi kwenye ethanoli au viyeyushi vingine. Na moto huvunja baadhi ya kemikali kabla hazijakufikia kikombeni.

Mwaka 1971, Tu Youyou wa Beijing alikuwa akiutafiti mmea wa *Artemisia annua* kwa ajili ya malaria, na matokeo yake yalikuwa yakibadilika kila mara. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeelekeza mmea ule ulowekwe majini kisha ukamuliwe. Hakutaja kuchemsha. Tu Youyou akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la nyuzi 35 tu, na kiziduo chake kikawaua vimelea. Hapo ndipo ilipotoka artemisinini, mzazi wa dawa mseto tunazopewa hospitalini leo. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo ninapomwuliza bibi anatumia majani mabichi au makavu, maji ya moto au ya baridi, sifanyi hivyo kwa adabu tu. Maelezo yake ni sehemu ya jaribio.

Vipimo vikionyesha alkaloidi, tanini na flavonoidi, si ndiyo mti unatibu?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Chai ya rangi unayokunywa asubuhi ina vyote vitatu. Rangi kwenye neli inakutajia ukoo. Haikutajii mtu, wala haikwambii kama mtu huyo ni tabibu au ni muuaji. Alkaloidi ni pamoja na kwinini, lakini ni pamoja pia na sumu kali.

Baada ya neli inakuja kazi ya kutenganisha. Tunadondosha kiziduo kwenye kibati chenye unga mwembamba wa silika, tunakisimamisha ndani ya kiyeyushi, na kemikali zinapanda kila moja kwa mwendo wake. Hiyo ndiyo kromatografia. Kisha tunazitenga kwa wingi, na mashine hutupa uzito na umbo la molekuli moja moja.

Safari hii ni ndefu. Mwaka 1968 wanasayansi nchini Uingereza waliitenga kutoka kwenye mbegu za mwarobaini kemikali iitwayo azadirakitini. Umbo lake kamili halikuthibitishwa hadi 1985. Kundi la Steven Ley, Cambridge, lilihitaji miaka 22 kuitengeneza maabarani, likafaulu 2007. Mti ulio uani kwako huitengeneza kila msimu.

Na hata kemikali ikishajulikana, bado. Gedunini, limonoidi nyingine ya mti huu, imeua vimelea vya malaria kwenye neli. Lakini neli haina tumbo la kuimeng’enya wala ini la kuivunja. Hadi leo hakuna kidonge cha malaria kilichotokana nayo.

Basi mwarobaini umethibitika kwa lipi?

Umethibitika zaidi shambani. Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer wa Ujerumani aliona nzige wamekula kila kilicho kijani, wameiacha miarobaini. Leo tunajua sababu. Azadirakitini humnyima mdudu hamu ya kula na kuvuruga homoni zinazomwezesha kujivua gamba, hivyo buu hafiki utu uzima. Nyingi yake imo ndani ya kiini cha mbegu. Jua huivunja upesi, ndiyo maana mkulima anayepulizia maji ya mbegu zilizotwangwa hushauriwa afanye hivyo jioni.

Si dawa ya asili? Itadhuru vipi?

Sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti habari za watoto walionyweshwa mafuta ya mwarobaini. Walitapika, wakasinzia kupita kiasi, wakapata degedege, na ini likaathirika. Naomba kila mzazi anayesoma hapa akumbuke: mafuta ya mwarobaini hayanyweshwi mtoto, na mama mjamzito asiyanywe.

Maabarani tunaanza kupima sumu kwa viumbe wadogo wa maji ya chumvi wenye ukoo na uduvi. Mayai yao huanguliwa, kisha tunawatia kwenye kiziduo cha viwango mbalimbali na kuwahesabu waliokufa baada ya saa 24. Hicho ni kipimo cha mlangoni tu. Baada yake huja wanyama, na mwisho kabisa watu waliokubali kwa hiari. Dawa za unga hupimwa pia ukungu, vijidudu na madini mazito kama risasi.

Mimi ni mganga, urithi wa baba yangu. Nikiwaletea dawa yangu, nitajuaje kuwa hamtaniibia?

Hofu yako ina msingi, mzee wangu. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, haki ya kumiliki njia ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wakulima wa India walikuwa wakiijua kazi hiyo siku nyingi. Mwanaharakati Vandana Shiva na wenzake walipinga, hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Walishinda kwa sababu walileta ushahidi kwamba maarifa yale hayakuwa mapya.

Basi andikisha. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo husajili waganga na dawa zao. Utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili ulianza kama kitengo mwaka 1974 na sasa ni taasisi kamili. Kabla hujamkabidhi mtafiti hata jani moja, dai makubaliano ya maandishi: jina lako litaandikwa wapi, matokeo utayapata lini, na faida ikipatikana itagawanywaje. Mtafiti mwaminifu hatachukizwa na kalamu yako.

Na sisi tulio nyumbani tufanye nini kesho asubuhi?

Usiukate mti. Osha vipele kwa maji yake kama mlivyozoea, na ukiona ngozi inazidi kuwaka, acha. Mtoto akishikwa na homa, nenda akapimwe malaria siku hiyohiyo. Majani yatakusubiri, vimelea havisubiri. Na kama nyumbani kuna mzee anayejua ni gome la upande gani, la msimu gani, linalolowekwa kwa muda gani, kaa naye uandike kila neno. Tawi kavu nitalihifadhi mimi. Maneno yake ni wewe pekee unayeweza kuyahifadhi.