Mlishe Mama, Watoto Atawalea Mwenyewe

*Shangazi, naandika kutoka Chumbageni, Tanga. Paka wetu, Tausi, ana siku tisa tangu ajifungue. Kazaa wanne ndani ya kabati langu la nguo, juu ya kanga nilizoziweka akiba. Nilimtengenezea boksi zuri sebuleni, karibu na televisheni, nikawahamishia huko. Nikiamka nakuta keshawarudisha kabatini, na ndivyo anavyofanya kila mara. Mtoto mmoja ni mdogo kuliko wenzake, akitaka kunyonya wanamsukuma. Mama mkwe anasema tumpe maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji. Jirani anasema binti yangu wa miaka sita keshawashika, kwa hiyo paka atawala wote. Na mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitano, kila anayeingia hapa ananiambia nimtoe paka kabla hajaniharibia. Mume wangu keshakata shauri: wakitimiza mwezi anawatia kikapuni, anawapeleka sokoni kwenye samaki. Mimi Tausi nampenda. Nifanye nini?*

*Mama Kijacho*

Hongera kwa ujauzito, na hongera kwa Tausi.

Tuanze kabatini, maana huko ndiko kwenye hatari ambayo wewe hujaitaja. Kanga za akiba aghalabu huwekewa naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Kama vimo, vitoe leo, na nguo zote zilizolala navyo zitoke ukazianike. Mvuke wake ni sumu kwa paka, na vitoto vya siku tisa vinauvuta usiku na mchana, pua zikiwa palepale kwenye kitambaa. Acha mlango wa kabati wazi hewa ipite.

Ukishamaliza hilo, mwachie Tausi kabati lake. Paka aliyezaa hutafuta mahali penye giza, pa kujibana, mbali na miguu ya watu. Sebuleni ulimpa taa, taarifa ya habari na wageni wenye ushauri. Kila ukiwahamisha unamthibitishia kwamba mahali hapo si salama, na safari ijayo anaweza kuwapeleka darini au kwenye ghala la jirani usiwaone tena. Kwa hiyo boksi ndilo lihamie kabatini. Liwe la kumtosha kujinyoosha, ulikate mlango upande mmoja, ukibakiza kizingiti cha kama sentimita 15 ili mama avuke na watoto wasiporomoke. Chini tandika magazeti, juu yake kanga kuukuu au shuka laini. Taulo usitumie, kucha za vitoto hunasa kwenye nyuzi zake. Feni isiwapige moja kwa moja hata kama Tanga kuna joto: katika wiki tatu za mwanzo miili yao haijaweza kujipasha joto yenyewe, wanategemea tumbo la mama na kulaliana.

Angalia pia sisimizi na siafu. Mahali penye maziwa yaliyomwagika na damu ya uzazi huwavuta, na kitoto kisichoona hakiwezi kukimbia. Badilisha matandiko mara kwa mara. Ukiona msururu wa sisimizi, weka miguu ya kabati ndani ya makopo yenye maji ya sabuni. Usipulize dawa ya wadudu humo ndani. Na usiku funga dirisha, kwa sababu dume la mtaani likiingia linaweza kuua watoto.

Sasa huyo mdogo. Mama mkwe wako anasema kwa huruma, lakini maziwa ya ng'ombe yana sukari ya laktosi kuliko tumbo la mtoto wa paka linavyoweza kumeng'enya. Kinachofuata ni kuhara, na mwili wenye uzito wa andazi moja ukihara hukauka maji ndani ya siku moja tu. Kuyazimua kwa maji hakusaidii, ni kupunguza lishe na kuibakiza shida. Fanya hivi badala yake: Wenzake wakishashiba na kulala, mshike huyo mdogo, umweke kwenye chuchu za nyuma, zile zinazogombaniwa zaidi, umkinge kwa kiganja mpaka anyonye ashibe. Rudia mara kadhaa kwa siku. Tausi akikuamini hatakuzuia.

Halafu mpime. Ukiwa na mizani ya kupimia unga wa keki, itafaa sana. Mtoto wa paka huzaliwa na takriban gramu 100 na huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Udogo peke yake si ugonjwa. Akiwa mdogo lakini uzito unapanda kila siku, mwache. Uzito ukisimama kwa siku nzima, au ukimshika ni wa baridi na mlegevu, au analia bila kukoma, hapo anahitaji msaada wa mtu. Kwanza mpashe joto taratibu, kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa kwenye kitambaa, kwani mtoto aliyepoa tumbo lake halifanyi kazi na ukimlisha hali hiyo utamzidishia. Kisha uliza kwa daktari wa mifugo maziwa ya unga ya watoto wa paka. Wakati wa kumpa, awe amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Wengi humpakata chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yakaingia mapafuni, ikawa ndiyo basi.

Lakini mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta chakula cha Tausi, sikukiona. Umezungumzia watoto, boksi, jirani. Yeye anakula nini? Mwanamke akijifungua hapo Tanga, hakuna anayemkimbilia mtoto na sahani. Mama ndiye anayepikiwa supu na uji wa pilipili manga, na mtoto hupata fungu lake kwenye ziwa. Kwa paka ni hivyohivyo. Anayenyonyesha wanne anahitaji chakula mara mbili hata tatu ya kawaida yake, na ugali uliolowekwa mchuzi wa samaki haumtoshi. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza cha kutosha, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Kimo kwenye nyama na samaki, kwenye unga wa mahindi hakimo.

Kwa bahati mko pwani. Mchemshie dagaa bila chumvi, mpe vichwa vya samaki ulivyovitoa miiba mikubwa, utumbo na nyama ya kuku iliyoiva. Maini kidogo, siku mojamoja. Mgawie mara tatu au nne kwa siku, na bakuli la maji safi liwe karibu ili asilazimike kuwaacha watoto muda mrefu. Usimpe makombo ya mchuzi wenu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikiwa vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Tausi akishiba, huyo mdogo naye ana nafasi kubwa ya kunenepa bila wewe kufanya kitu kingine.

Mkague mama mwenyewe pia. Chuchu ikivimba, ikawa ngumu na ya moto, au akitokwa na uchafu unaonuka, mwone daktari. Akianza kutetemeka, kutembea kikakamavu na kuhema mdomo wazi, usingoje kuche: madini ya kalsiamu yamemwishia kwenye damu kwa kunyonyesha, na hali hiyo huua kwa saa chache.

Dawa za binadamu zikae mbali naye. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka mzima. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, na ndivyo ilivyo kwa permethrini iliyomo katika dawa nyingi za viroboto vya mbwa. Wauzaji wengine watakuambia ya mbwa inafaa, upunguze kipimo tu. Usikubali. Vitoto vikiwa na viroboto, tumia kitana cha meno membamba na bakuli la maji ya sabuni pembeni, uwatose humo viroboto unaowanasa. Kazi ya kuchosha, lakini inafaa, maana viroboto wengi hunyonya damu ya kitoto mpaka ufizi ukawa mweupe. Dawa ya minyoo nayo daktari ataanza kuwapa wakiwa na wiki mbili au tatu, kwani minyoo mviringo hupitia kwenye maziwa ya mama.

Jirani yako mwambie alale usingizi. Paka hawali watoto wake kwa sababu mtoto wa mtu kawagusa. Akimla mmoja, mara nyingi alikuwa amekufa au mgonjwa, au mama alitishwa kupita kiasi. Binti yako aruhusiwe, ila kwa adabu: anawe mikono, akae chini, amshike mmoja kwa dakika chache, Tausi akiwa anaona. Kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo paka hujifunza kama binadamu ni rafiki, na asiyeguswa kipindi hicho hukua akimkimbia kila mtu. Macho yao yako njiani kufunguka, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Asijaribu kuyafungua kwa vidole. Yakivimba yakiwa bado yamefumba, au yakitoa usaha, hilo ni la daktari.

Na mimba yako. Wanaokuonya hawakuzua, wamesikia nusu ya habari. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplazma ambacho paka anaweza kukitoa kwenye kinyesi, na mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Manyoya hayaambukizi, wala kumpakata. Mayai ya kijidudu hicho yakitoka na kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo beseni la mchanga la Tausi lisafishwe kila siku, na asiwe wewe wa kulisafisha. Mume wako mikono anayo. Watoto bado hawajaanza kutumia mchanga. Mama huwalamba ili wajisaidie, na uchafu huumeza mwenyewe mpaka wafikishe kama wiki tatu au nne. Paka hukipata kijidudu kwa kula panya, ndege na nyama mbichi, ndiyo maana nikasema nyama ya kuku iwe imeiva. Na wewe jihadhari na mishkaki isiyoiva, kachumbari ya mboga zisizooshwa vizuri, na kulima bustani bila glavu. Katika nyumba nyingi hatari kubwa iko jikoni, paka ndiye anayebeba lawama. Ukienda kliniki mwambie mkunga unaishi na paka, akushauri kuhusu kipimo.

Sasa mume wako. Mwezi mmoja ni mapema mno. Katika wiki ya nne ndipo wanaanza kulamba samaki aliyepondwapondwa, huku bado wananyonya. Wanaachishwa kabisa karibu na wiki ya nane, na hapo ndipo pa mwanzo pa kuwagawa, ingawa wakikaa mpaka ya kumi au kumi na mbili hutoka na tabia nzuri zaidi, maana kwa kuchezeana na kukaripiwa na mama ndipo hujua kung'ata kiasi. Kumwaga watoto wa mwezi mmoja sokoni ni kuwaua taratibu, mbele ya paka wakubwa wanaopigania matumbo ya samaki. Ila usimwambie ni mkatili, hamtaelewana. Mpe kazi: awaulize wenye maduka ya nafaka, wanaolizwa na panya kila wiki, nani ataka paka. Atashangaa.

Umweleze na hili, pengine ndilo litakalomgusa mfukoni. Kunyonyesha hakumzuii paka kushika mimba. Tausi anaweza kutafuta dume wakati hawa bado wako ziwani, na mimba ya paka ni wiki tisa tu, kwa hiyo mumeo akiwatupa hawa leo, kabla ya kukatika miezi minne anaweza kuwa na kikapu kingine mkononi. Kinachokomesha hilo ni kumfunga kizazi, na daktari wa mifugo hufanya mara watoto wakishaacha kunyonya na maziwa yakakauka. Usingoje wiki ya nane ndipo uulize bei. Nenda wiki ya tano, panga siku, anza kuweka akiba, na kwa safari hiyohiyo uliza chanjo za watoto na ya kichaa cha mbwa kwa mama. Mpaka siku hiyo ifike, Tausi asitoke nje, hata akilia usiku kucha mlangoni.